Bakteria wa Udongo na Sumu za Nitro: Uwezo Upo, Masharti Yapo

Tarehe 13 Novemba 2005 kiwanda cha kemikali kililipuka mjini Jilin, kaskazini-mashariki mwa China, na takriban tani 100 za benzini, nitrobenzini na anilini zikaingia Mto Songhua. Sumu ilishuka na maji hadi Harbin, jiji la mamilioni ya watu, ambako mamlaka zilifunga mabomba kwa siku zipatazo nne. Maji ya chupa yalikwisha madukani. Mitambo ya maji iliongezewa kaboni amilifu ili kuinasa sumu kabla huduma haijarejeshwa, huku mkondo wenyewe ukiendelea na safari yake kuelekea Mto Amur na ardhi ya Urusi.

Ajali ya namna hii inapotokea, huzuka kauli mbili. Moja husema ardhi na maji vimekwisha, havitapona tena. Nyingine husema watu wasihangaike, asili itajisafisha yenyewe. Safu hii inazikataa zote mbili. Udongo una bakteria wenye uwezo halisi, uliopimwa na kuthibitishwa maabara na uwandani, wa kuzivunja sumu hizi mpaka zikabaki kaboni dioksidi, maji na chumvi za naitrojeni. Lakini bakteria hao wana masharti yao, na yasipotimizwa sumu hukaa ardhini vizazi kwa vizazi. Kosa kubwa la wanaosimamia usafishaji wa ardhi ni kukimbilia dawa kabla ya kuyajua masharti hayo.

Sumu zenyewe si ngeni majumbani. Nitrobenzini ilitengenezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1834 na mkemia Mjerumani, Eilhard Mitscherlich, na leo sehemu yake kubwa hugeuzwa kuwa anilini, malighafi ya rangi na plastiki. Dinitrotolueni, au DNT, ni hatua mojawapo katika kutengeneza povu la magodoro ya sponji. Kemikali iitwayo 4-nitrofenoli imo katika njia mojawapo ya viwanda ya kupata paracetamoli, na ndiyo inayobaki pia kiuadudu parathioni kinapokatika. TNT, iliyogunduliwa na Julius Wilbrand mwaka 1863, imejaa katika mabomu ya vita viwili vya dunia na vilivyofuata. Afrika Mashariki nayo imo katika historia hii: katika miaka ya 1940 nzige walipambanwa nao kwa kemikali iitwayo DNOC, yenye makundi mawili ya nitro kwenye pete moja. Siku hizi pendimethalini, kiuagugu kinachouzwa kwa wakulima wa vitunguu na mpunga, ina makundi mawili vilevile.

Kinachozifananisha zote ni pete ya kaboni sita iliyobeba naitrojeni. Zikiingia mwilini, nyingi hugeuka kuwa viambato vinavyoharibu himoglobini hata damu ikashindwa kubeba oksijeni. Nyingine hushambulia ini, na baadhi hujishikiza kwenye DNA. Wanawake wa Uingereza waliojaza makombora wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia waligeuka ngozi kuwa ya njano kwa sababu ya TNT, na wako waliokufa kwa ugonjwa wa manjano uliotokana na ini kuharibika.

Ugumu wa kuzivunja uko katika umbo lake. Atomi sita za pete ya benzini humiliki elektroni kadhaa kwa pamoja, na ushirika huo ndio unaoipa pete uimara. Bakteria wanaoishi kwa kula mafuta ghafi na masalia ya mimea wana silaha ya kale dhidi ya pete ya aina hiyo: vimeng'enya viitwavyo oksijenesi, ambavyo huchukua oksijeni ya hewani na kuipachika kwenye kaboni. Oksijeni hiyo, ili ishike, inahitaji elektroni za pete. Sasa kundi la nitro, yaani atomi moja ya naitrojeni yenye oksijeni mbili, huzivuta elektroni kwake kama mtu anayevuta shuka usiku wa baridi akawaacha wenzake wazi. Nitro ikiwa moja, oksijenesi bado inaweza kushambulia. Zikiwa mbili, kazi inakuwa nzito. Zikiwa tatu, kama ilivyo kwa TNT, karibu kila oksijenesi inayojulikana hushindwa.

Bakteria wamepata njia zaidi ya moja ya kukabiliana na hali hiyo, na tofauti ya njia hizo ndiyo kiini cha makala haya.

Njia ya kwanza ni kushambulia kwa oksijeni hivyo hivyo. Jim Spain na Shirley Nishino, walipokuwa watafiti katika kituo cha jeshi la anga cha Tyndall huko Florida, walimtenga bakteria wa jamii ya Comamonas aliyepewa jina JS765. Kimeng'enya chake hupachika atomi mbili za oksijeni kwa mpigo: moja kwenye kaboni iliyobeba nitro, nyingine kwenye kaboni ya jirani. Kinachozaliwa hakidumu, nitro hudondoka yenyewe ikiwa nitriti, na pete hubaki kama katekoli. Katekoli ni chakula kinachojulikana na bakteria wengi wa udongo. Pete hukatwa, mnyororo hukatwakatwa, na vipande huingia katika mzunguko uleule wa nishati unaotumika kwa sukari.

Njia ya pili haihitaji oksijeni mwanzoni. Bakteria mwingine wa watafiti haohao, Pseudomonas aitwaye JS45, huanza kwa kuipa nitro elektroni badala ya kuipokonya. Nitro hupunguzwa hatua kwa hatua hadi kuwa haidroksilamini, kisha kimeng'enya kingine huhamisha oksijeni kutoka kwenye naitrojeni na kuiweka kwenye pete, ikapatikana 2-aminofenoli. Hapo ndipo pete inapokatwa kwa oksijeni, na naitrojeni hutoka ikiwa amonia, si nitriti. Bakteria wawili, sumu ileile, masalia tofauti. Mtaalamu anayepima nitriti pekee katika ardhi yenye nitrobenzini anaweza kuamua kwamba hakuna kinachoendelea, ilhali kazi inafanyika kwa njia ya pili.

Njia ya tatu ni ya nitrofenoli. Mwaka 1991 Spain na David Gibson walieleza jinsi bakteria wa jamii ya Moraxella anavyoiondoa nitro kwa kupachika atomi moja tu ya oksijeni mahali pake; nitriti hutoka, hupatikana kwinoni, kisha haidrokwinoni, kisha pete hukatwa. Njia hii inahusu moja kwa moja mashamba yaliyowahi kunyunyiziwa parathioni. Mwaka 1973 watafiti nchini Ufilipino walimpata katika mashamba ya mpunga bakteria wa jamii ya Flavobacterium mwenye uwezo wa kuikata parathioni, na ugunduzi huo ulisifiwa kwa haki. Hata hivyo kuikata parathioni ni nusu ya kazi, maana nitrofenoli hubaki, na inahitaji bakteria wenye zana za kuimalizia. Udongo wenye jamii moja tu ya wafanyakazi hawa utaacha kazi njiani.

TNT ni suala la peke yake. Kwa kuwa oksijeni haiifikii pete, bakteria wengi huishia kuipunguza nitro moja au mbili hadi kuwa amino, kisha basi. Viambato vipya hujibana kwenye mboji ya udongo kwa nguvu kiasi kwamba vipimo vya kawaida havivioni. Kundi la Hans-Joachim Knackmuss wa Stuttgart lilionyesha kwamba asidi ya pikriki, ndugu wa TNT mwenye nitro tatu pia, ina bakteria wa jamii ya Rhodococcus anayeishambulia kwa kupachika haidrojeni kwenye pete yenyewe. Ni njia ya werevu mkubwa. Lakini kwa TNT, kiumbe anayeila yote na kustawi kwa kasi ya kutegemewa shambani bado ni adimu mno, na ndiyo sababu viwanja vya viwanda vya baruti vya Ujerumani kama Stadtallendorf vilihitaji kusafishwa kwa gharama kubwa nusu karne baada ya Vita vya Pili vya Dunia kwisha.

Uwezo huu ulitoka wapi?

Viumbe hai hutengeneza viambato vichache sana vyenye nitro kwenye pete. Mfano maarufu ni kloramfenikoli, dawa ya kuua vijidudu inayotolewa na bakteria wa udongo, Streptomyces venezuelae. Uzalishaji wa viwandani ulianza karne ya 19 tu. Muda huo ni mfupi mno kwa kujenga kimeng'enya kutoka mwanzo, na ushahidi wa jeni unaonyesha kwamba bakteria hawakujenga, walirekebisha kilichokuwapo. Oksijenesi zinazoshambulia nitrobenzini na nitrotolueni ni jamaa wa karibu wa zile zinazoshambulia naftalini. Rebecca Parales na wenzake wameonyesha kwamba katika baadhi ya bakteria hawa kumebaki hata vipande vya jeni za kazi ya zamani ambavyo havina faida tena. Katika bakteria wanaokula DNT, protini inayowasha jeni hizo bado huitikia salisilati, zao la naftalini, badala ya kuitikia DNT yenyewe.

Atrazini inaonyesha jambo hilohilo kwa uwazi zaidi. Kiuagugu hiki cha mahindi na miwa si cha jamii ya nitro, lakini nacho ni pete yenye naitrojeni: kaboni tatu na naitrojeni tatu zilizopishana. Kilipoingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1950 kilisifiwa kwa kudumu ardhini. Katika miaka ya 1990 kundi la Larry Wackett wa Chuo Kikuu cha Minnesota lilimtenga bakteria wa jamii ya Pseudomonas, aliyeitwa ADP, kutoka mahali palipomwagika atrazini katika mji wa Little Falls. Jeni za kazi hiyo zilikuwa kwenye plasmidi, kipande cha DNA ambacho bakteria huweza kumpa jirani yake. Kimeng'enya cha kwanza, AtzA, kinatofautiana na kimeng'enya kinachovunja melamini kwa asidi amino tisa tu. Tisa kati ya zaidi ya 470. Mabadiliko madogo kiasi hicho yalitosha kugeuza kazi ya kimeng'enya kizima.

Magharibi mwa Kenya yako mashamba ya miwa yaliyonyunyiziwa atrazini miaka nenda miaka rudi. Zachary Getenga na washirika wake wa Ujerumani walichukua udongo wa mashamba ya aina hiyo, wakaweka atrazini iliyotiwa alama ya kaboni ya mnururisho, wakapima kaboni dioksidi iliyotoka. Alama ilionekana katika hewa ile: pete yenyewe ilikuwa imekatwa, si kuguswa pembeni tu. Mwaka 2009 walichapisha maelezo ya bakteria wa jamii ya Arthrobacter waliyemtenga humo. Uwezo ambao wengi hudhani huagizwa kutoka nje ulikuwa tayari umezaliwa katika udongo wa Kenya.

Yanayodhaniwa, na ukweli wake

Dhana ya kwanza ni kwamba sumu isipoonekana kwenye kipimo imekwisha. Si lazima. Inaweza kuwa imevunjwa, imejibana kwenye mboji, imeshuka kwenye maji ya chini, au imegeuka kuwa kiambato ambacho maabara haikuombwa kukitafuta. Katika ghala la jeshi la Umatilla huko Oregon, udongo wenye TNT ulisafishwa kwa kuchanganywa na samadi na takataka za mimea katika matuta ya mboji. TNT ilipungua sana na hatari ikashuka, na kwa hilo mbinu hiyo inastahili sifa. Ila sehemu kubwa ya TNT ile haikugeuka kaboni dioksidi. Iliunganishwa na mboji. Anayesimamia eneo la namna hiyo anapaswa kusema wazi kwamba ameifunga sumu, wala asidai kuwa ameiangamiza, na matumizi ya ardhi hiyo baadaye yapangwe kwa kufuata ukweli huo.

Dhana ya pili ni ya bakteria wa chupa. Wafanyabiashara huja na unga au maji yenye "vijidudu maalumu" vinavyodaiwa kula kila sumu. Bakteria aliyekuzwa kwenye chakula cha maabara akitupwa shambani hukutana na protozoa wanaomla, wenyeji wanaomnyima chakula, ukame, joto na asidi asiyoizoea. Wengi hufa baada ya muda mfupi. Kupandikiza bakteria kuna maana pale tu ilipothibitishwa kwamba wenyeji wenye jeni zinazohitajika hawapo, na pale ambapo mazingira yametayarishwa kuwapokea wageni. Ardhi iliyokaa na DNT kwa miongo mara nyingi ina wataalamu wake tayari. Wanachokosa ni hewa, maji au kusogezwa karibu na chakula chao.

Dhana ya tatu ni kwamba mbolea husaidia daima. Hapa kanuni za kilimo zinaweza kupotosha kabisa. Kaboni ya pete ya atrazini imeshaoksidishwa kiasi kwamba haimpi bakteria nishati. Anachofuata humo ni naitrojeni. Akimwagiwa urea, sababu ya kuhangaika na atrazini hupungua, na katika bakteria kama ADP uvunjaji hushuka. DNT nayo ina naitrojeni mbili kwa kaboni saba, zaidi ya mahitaji ya bakteria. Naitrojeni inayozidi hutoka kama nitriti, udongo huchachuka, na katika uchachu huo nitriti yenyewe huwa sumu kwa wanaoitoa. Udongo kutoka viwanda vya zana za kivita vya Badger huko Wisconsin na Volunteer huko Tennessee uliposafishwa katika matangi ya tope, ilibidi uchachu udhibitiwe kwa kuongeza alkali wakati wote. Aidha, kati ya aina mbili za DNT zilizokuwamo, 2,4-DNT ikiwa nyingi iliwazuia bakteria wa 2,6-DNT wasifanye kazi, hivyo matangi yakapangwa mawili mfululizo: la kwanza kwa sumu moja, la pili kwa nyingine. Mfuko wa mbolea usingetatua lolote kati ya hayo. Kirutubishi kinachopungua katika udongo wa aina hii mara nyingi ni fosforasi.

Dhana ya nne inahusu mkulima. Bakteria anayekula kiuagugu si neema kwake moja kwa moja. Udongo uliozoea atrazini huimaliza mapema, magugu hurudi kabla muwa haujafunika ardhi, na mkulima hushawishika kuongeza kipimo. Kipimo kikiongezwa, mvua kubwa ya kwanza hupeleka ziada mtoni kabla bakteria hawajaifikia. Umoja wa Ulaya uliondoa atrazini sokoni mwaka 2004 kwa sababu ya maji ya chini ya ardhi, na huko imeendelea kuonekana katika visima miaka mingi baadaye, kwa kuwa kina hicho kina bakteria wachache, oksijeni haba na chakula kidogo. Shamba la juu linaweza kuwa na wataalamu tele huku kisima kilicho chini yake kikiwa hakina hata mmoja.

Nini kifanyike

Hatua ya kwanza ni kupima kwa swali sahihi. Kwa kila eneo linaloshukiwa, maabara ipewe orodha ya sumu mama na mazao yake: kwa TNT, aminodinitrotolueni zote mbili, kwa nitrobenzini, anilini, nitriti na amonia, kwa atrazini, haidroksiatrazini na viambato vilivyopoteza mikono ya pembeni. Jeni za oksijenesi na za AtzA hadi AtzF zinaweza kuhesabiwa kwa kipimo cha PCR, teknolojia ambayo maabara za Afrika Mashariki zinaitumia tayari kwa magonjwa ya binadamu na mifugo. Gharama yake ni ndogo ukiilinganisha na kuchimba na kusafirisha udongo.

Hatua ya pili ni jaribio dogo kabla ya mradi mkubwa. Udongo wa eneo lenyewe uwekwe katika vyombo kadhaa: kimoja kiachwe kama kilivyo, kingine kiongezwe hewa na maji, kingine fosforasi na chokaa, kingine kiuliwe viumbe vyote kwa joto ili kiwe kipimo cha kulinganishia. Sumu ikipungua katika chombo kilichouliwa sawasawa na vingine, bakteria hawana sifa yoyote katika upungufu huo. Muuzaji wa bakteria wa chupa atakiwe kuonyesha matokeo ya jaribio hilihili, kwa udongo huohuo, kabla halmashauri haijamlipa.

Hatua ya tatu ni ya maeneo ambayo bado hayajapewa uzito. Milipuko ya maghala ya silaha ya Mbagala, tarehe 29 Aprili 2009, na ya Gongo la Mboto, tarehe 16 Februari 2011, ilitawanya mabomu katika makazi ya Dar es Salaam, na taifa lilielekeza nguvu, kwa haki, kwenye uhai wa watu na mabomu yaliyobaki. Kemia ya udongo nayo idaiwe nafasi yake. Viwanja vya shabaha, mashimo ya kuteketezea silaha zilizopitwa na wakati na mitaro inayotoka maghalani vipimwe TNT na DNT kwa ratiba, katika nchi zote za ukanda huu, na visima vya jirani vipimwe pamoja navyo.

Hatua ya mwisho ni ya mashambani. Maofisa ugani wanaopendekeza kiuagugu wapewe taarifa za udongo uliozoea, ili wamshauri mkulima wa miwa au mahindi abadilishe aina ya dawa na palizi badala ya kuongeza kipimo. Mashamba makubwa yaache ukanda wa nyasi wenye mboji ya kutosha kando ya mitaro na mito, mahali ambapo maji hupunguza kasi na bakteria hupata muda, hewa na chakula. Bakteria wanaotengwa katika udongo wetu wahifadhiwe katika benki za vijidudu za vyuo vyetu na jeni zao zisomwe hapa. Mwaka 1956 watafiti wa Denmark, Gundersen na Jensen, walieleza bakteria wa udongo anayevunja viambato vya nitro kwa sahani za kuoteshea na subira, na vyuo vya Morogoro, Njoro na Kakamega vina vifaa vinavyozidi vya wakati ule. Kinachotakiwa kwenye bajeti za utafiti za mwaka ujao ni fungu la kudumu kwa kazi hiyo, pamoja na sharti kwamba takwimu za kila eneo lililopimwa ziwekwe wazi kwa wananchi wanaokunywa maji yake.